Usiiguse Namba Hii

Mstari wa mia nne na kumi na mbili, Eilert,
umeandika kwa herufi kubwa,
kama mtu anayemfokea mwenzake aliye chumba cha pili:
USIIGUSE NAMBA HII. NIMEIPATA KWA BARIDI.
Hukusema baridi ipi.

Niko ghorofa ya tatu, Tromsø, Januari.
Saa sita mchana, taa za barabarani zinawaka;
jua tuliagana nalo Novemba.
Kahawa imepoa mara mbili.
Programu yako imenizidi umri:
mimi natambaa sakafuni kwa bibi,
yenyewe tayari inahesabu giza la maji.

Unaipa kina. Unaipa chumvi. Unaipa joto.
Unaiambia: mngurumo unatokea hapa,
sikio liko kule, kilomita mia na thelathini.
Nayo inatuma miale elfu moja,
kama mama aliyewatuma watoto dukani
kila mmoja na uchochoro wake,
kisha akakaa mlangoni kuhesabu nani karudi.
Wengine hawarudi.
Kuna mahali sauti haiingii kabisa,
kivuli kisicho na mti wala jua,
na meli nzima inaweza kukaa humo ikakohoa
usiisikie.

Sauti haijui kunyooka.
Hupinda kuelekea mahali itakapokwenda taratibu,
na huku kwetu utaratibu uko juu, chini ya barafu.
Basi hupanda, hugonga dari, huteremka, hupanda tena,
na kila pigo inaacha hapo kidogo cha nafsi yake.
Haya ulinifundisha wewe, kiganja juu ya meza,
sikio lako la kushoto likiwa limeshakufa.

Sasa sikia.
Sauti ya kweli inafika robo sekunde mapema.
Si mara moja. Wiki tano mfululizo
bahari inaitangulia hesabu yako
kama mwanafunzi anayejibu swali halijaisha.
Sigbjørn akasema: badilisha ile namba tu, nani atajua?
Asiyesikia la mkuu, mwisho wake naujua,
lakini ilikuwa saa tisa usiku.
Nikaigusa.

Mchoro ukakaa sawasawa. Nikacheka peke yangu.
Halafu nikajaribu njia ya kaskazini, ile fupi,
iliyokuwa haina tatizo tangu mwanzo:
ikaharibika yote, miale ikatapakaa kama njiti za kiberiti.

Ndipo nikafungua faili la joto,
lile ambalo hakuna anayelifungua
kwa kuwa lipo siku zote.
Jina lake: JOTO87.
Vipimo mia mbili na tatu.
Kila kimoja ulikishusha kwa waya, kwa mkono,
pembeni umeandika tarehe, upepo, na mara moja:
"kidole cha pete hakina hisia tangu jana."

Kumbe ndiyo hiyo baridi.

Nikarudisha namba yako mahali pake.
Nikalilisha programu joto la Desemba hii,
maji ya kati, karibu nyuzi moja zaidi.
Miale elfu ikaondoka,
ikapinda, ikagonga, ikafika
wakati uleule ilipofika sauti ya kweli.
Hukukosea, Eilert. Hata tarakimu moja.
Ila ile baridi haipo tena.
Tulikuwa tunaiuliza bahari habari
za mtu aliyekwisha kuhama.

Asubuhi, kama ni asubuhi, Gudveig alipiga simu.
Anatafuta ufunguo wa kabati lako,
anasema viatu vyako vya melini bado vimo,
kuna mpwa mwenye mguu kama wako.
Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayechungulia:
kile kitu chake bado kinafanya kazi?
Nikamwambia ndiyo.
Nikataka kuongeza neno, nikakohoa tu.

Chini ya mstari wako nimeweka wangu,
kwa herufi ndogo:
imeguswa mara moja, usiku, ikarudishwa.
samahani.
maji ndiyo ya kuulizwa.
Na ufunguo, mwambie mpwa,
ulikuwa kwenye kikombe cha kalamu.